Picha Mbili za Askari Mmoja

Mimi nina hasira za karibu. Mzee aliyenifundisha kazi ya picha, Mwislamu mwenye asili ya Tanga aliyefika Tarime akiwa kijana na kufungua studio hapa Bomani, alikuwa akinitania kwamba nimebahatika kupata kazi ambayo vitu ninavyovigombeza havinijibu. Kwake nilijifunza chumba cha giza, kuosha filamu, na kuanika picha kwenye kamba kama nepi za mtoto. Mzee huyo alishafariki, na chumba cha giza sasa ni stoo ya mafremu. Nina kompyuta, printa, feni isiyoshika kasi, na kibao mlangoni kinachotaja pasipoti, vitambulisho, harusi, na mwisho kabisa kusafisha picha za zamani.

Hiyo ya mwisho ndiyo ninayoipenda. Watu huniletea picha zilizoliwa na mchwa, zilizolowana mvua, zilizokunjwa mara nne na kukaa ndani ya Biblia miaka arobaini. Ninazifungua kwenye kompyuta na kuzitengeneza taratibu huku nakunywa chai ya maziwa. Unakaa na sura ya mtu mmoja saa nne, saa tano, mpaka unajua upande gani wa mdomo wake unaanza kucheka kabla ya mwenzake. Sijui kazi nyingine yenye raha kama hii, na nikiambiwa nichague upya nitachagua hii hii.

Nimeikosea pia, tena vibaya. Mara tu nilipoanza kutumia kompyuta, mama mmoja wa Susuni aliniletea picha ya baba yake aliyekuwa askari wa Mwingereza. Juu ya sikio la yule mzee kulikuwa na kitu kama mkunjo wa karatasi. Nikakifuta. Nikamtengenezea sikio la duara, safi, nikajisifu mwenyewe. Mama alipokuja aliishika ile picha, akaitazama kwa muda, kisha akaniuliza, "Sasa baba yangu umemkata sikio kwa nini?"

Wazee wetu wa Kikurya walitoboa masikio na kuyavuta kwa vipande vya mti mpaka ndewe, zile nyama za chini ya sikio, zikaning'inia karibu na bega. Waliokwenda jeshini waliziona zinanasa kwenye mkanda wa bunduki, kwa hiyo walizipandisha juu na kuzizungusha kwenye sikio lenyewe, zikatulia. Huo ndio mkunjo nilioufuta. Na bibi yangu mzaa mama, aliyenibeba mgongoni, alikuwa na masikio hayo hayo! Niliona aibu kiasi cha kutoweza kumtazama yule mama usoni, nikairudia kazi yote mwanzo mpaka mwisho. Tangu siku hiyo, askari yeyote wa zamani akiingia dukani kwangu, naanza na masikio.

Siku hizi picha za vita zimekuwa nyingi kuliko vita vyenyewe. Kuna watu wanaopenda kuigiza. Wanashonesha sare za khaki kama za zamani, wanatafuta bunduki za mbao, wanakwenda porini kupigana vita ambavyo havina adui, na jioni wanakula nyama choma wote pamoja. Sina ugomvi nao, ni michezo kama michezo mingine. Ugomvi wangu ni na yule anayeichukua picha yao, akaipitisha kwenye simu ikawa ya rangi ya chai, akaandika chini yake "Babu zetu vitani Burma," kisha akaitupa kwenye kundi la ukoo. Kufikia jioni kila ukoo kuanzia Sirari mpaka Mugumu una babu mpya.

Ndivyo ilivyokuja ile picha ninayotaka kuielezea.

Walikuja wawili, siku ya mvua nyepesi. Mmoja alikuwa mzee wa Nyamwaga, mwenye miaka zaidi ya themanini, mrefu bado, na kofia ya pama aliyoivua alipoingia. Wa pili alikuwa mwanawe, mtu wa makamo mwenye duka la vipuri vya pikipiki kule Sirari. Mzee alikuwa ameifunga picha kwenye mfuko wa nailoni na kuikumbatia kifuani chini ya koti, isilowe. Aliiweka mezani kwa mikono miwili, kando ya kikombe cha chai nilichommiminia.

"Huyu ni baba yangu," akasema. "Nataka umtoe peke yake, umfanye mkubwa, halafu fundi amweke kwenye kigae."

Akanieleza bila haraka. Baba yake alichukuliwa vitani yeye akiwa bado tumboni, na hakurudi. Ilikuja taarifa tu kwa chifu kwamba amekufa, haikusemwa wapi, na mwili haukuonekana. Kwao pale nyumbani babu ana kaburi, baba zake wadogo wana makaburi, mama yake ana kaburi, na kando ya mama kuna nafasi tupu yenye majani ambayo amekuwa akiifyeka mwenyewe tangu ujana wake. Sasa ameijengea saruji. Ukoo wote unakutana baada ya wiki tatu, padri atakuja, na pale juu kitawekwa kigae chenye sura ya baba. "Sikuwahi kumwona," akasema. "Kijana wangu amemtafuta mpaka amempata."

Mwana akaitikia kwa kichwa, kwa fahari. Picha aliipata kwenye simu miezi miwili iliyopita na kuichapisha mwenyewe. Mtu mmoja kwenye kundi la ukoo aliandika kwamba huyo wa mbele anatoka Nyamwaga, na mwingine akaongeza jina.

Nikaitazama. Askari watano wanavuka mto, maji magotini, wa mbele kainua bunduki na kupanua kinywa. Picha nzuri, siwezi kuinyima haki yake. Nikaenda masikioni. Masikio matano yalikuwa yanaonekana, na yote matano yalikuwa mazima, ya duara, kama yale niliyowahi kuyatengeneza mwenyewe kwa ujinga. Nikasema labda, maana si kila mmoja alitobolewa, na labda wengine ni wa makabila mengine. Nikachukua kioo cha kukuzia. Sare zilikuwa na mistari ya kukunjwa ya nguo iliyotoka dukani. Na pembeni juu, upande wa kulia, kulikuwa na mkwaruzo wenye umbo la saba, na chini yake unywele mdogo uliojipinda.

Ule mkwaruzo nilikuwa naujua. Wiki moja kabla, bibi harusi mmoja wa Mugumu alikuwa ameniletea picha za harusi yake ya mwaka huu huu alizozifanya za kizamani kwa simu. Saba ile ile, mahali pale pale, na unywele ule ule.

Hapo hasira ilinipanda, na mimi ikinipanda haipiti kwenye akili kwanza. Nikasema, "Mzee, huyu si baba yako. Huyu ni mtu wa juzi, yuko hai mahali fulani anakula ugali. Mkimweka pale mtakuwa mmemzika mtu mzima mwenye afya yake."

Nilijuta kabla sijafunga mdomo. Kwetu hakuna anayechezea jambo la kumchimbia kaburi mtu aliye hai. Mzee akaivuta picha karibu naye. Mwanawe ndiye aliyesimama.

"Wewe mama, hii kitu imetoka kwa watu wanajua historia. Si uangalie vizuri? Angalia vile imechakaa."

"Imechakazwa," nikamjibu. "Naomba simu yako."

"Ya nini?"

"Lete tu."

Programu yenyewe ya kuzeesha picha alikuwa nayo, kama walivyo nayo wengi. Nikamwomba mzee avae kofia yake na atazame mlangoni. Nikampiga picha, nikabonyeza mara mbili, nikamwonyesha. Alikuwa amegeuka wa rangi ya chai, amefifia pembeni, na juu ya kofia yake, upande wa kulia, ilikuwa imekaa ile saba na unywele wake. Nikaiweka simu kando ya ile picha ya mto.

Mzee akainamia vyote viwili. Kisha mabega yakaanza kutikisika, akacheka kicheko cha kweli, mpaka mwanawe naye akashindwa kujizuia.

"Kumbe na mimi nimefika Burma," akasema. "Na sijamaliza hata chai."

Tukacheka sote watatu. Halafu akaacha kucheka, akaikunja ile nailoni polepole, akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Basi ile nafasi ya kando ya mama itabaki wazi."

Nilijisikia mwizi. Nilikuwa nimesema kweli, na kweli yangu ilikuwa imemnyang'anya mtu mzima baba aliyekaa naye miezi miwili tu. Ndiyo maana nikamuuliza, zaidi kwa kutafuta la kusema kuliko kwa matumaini, kama mama yake hakuacha karatasi yoyote: barua, cheti, picha.

"Picha ilikuwepo moja," akasema, "lakini ile si yake. Ni ya mtu wa maua."

Mwanawe akakunja uso kama mtu anayesikia hadithi ya aibu ya nyumbani. Mzee akaendelea. Wakati wa vita ilikuja bahasha yenye picha ndogo, saizi ya kiganja. Ndani yake alikaa mwanamume mwenye koti na tai, saa mkononi, ameshika shada la maua, na nyuma yake kuna bustani yenye ngazi za mawe. Mama akasema ni mumewe. Ndugu za mume wakaitazama, wakacheka, halafu wakakasirika. Ndugu yao alikwenda kupigana. Mwanamume wa Kikurya ashike maua? Avae tai? Wakasema huyo ni karani fulani wa mjini, na mmoja wao akamuuliza mama amejuana naye wapi. Tangu hapo mama hakuitoa tena mbele ya watu. Aliitia kwenye fremu na kuificha, na binti yake mkubwa alipoolewa huko Serengeti, akampa aende nayo.

"Dada yangu mpaka leo anasema ni baba," mzee akamaliza. "Lakini alikuwa na miaka mitano. Mtoto wa miaka mitano anajua nini?"

Mimi tayari nilikuwa nimesimama. Mwalimu wangu alinisimulia mara nyingi mambo ya studio za zamani, aliyoyapata kwa mwalimu wake mwenyewe. Vitani ni mara chache sana mtu alipata nafasi ya kumpiga picha askari mweusi akivuka mto. Askari alipigwa picha siku ya ruhusa, mjini, kwa hiari yake, na siku hiyo alitaka mkewe amwone alivyo nadhifu. Studio iliweka koti moja, tai moja, saa moja iliyosimama, na maua ya karatasi, na kila mteja alivaa vilevile akaketi mbele ya pazia lililochorwa bustani. Picha ya vita ya kweli mara nyingi inaonekana ya maigizo kuliko maigizo yenyewe.

"Mzee," nikamwambia, "niletee huyo mtu wa maua."

Mwanawe hakufurahi. Aliniambia waziwazi kwamba nimeshamvunja baba yake moyo mara moja, na sasa namtuma Serengeti kwenda kuvunjika mara ya pili. Ndicho nilichokuwa nakiogopa mwenyewe. Siku zilizofuata nilipiga pasipoti za watu huku mawazo yangu yakiwa kwingine, mpaka mwalimu mmoja akanilalamikia kwamba nimemkata kidevu. Nilijiambia ikiwa yule ni karani kweli, nitakuwa nimemuua baba wa mtu mara mbili ndani ya mwezi mmoja, na mdomo wangu huu nitaushona.

Walirudi siku ya nane. Dada mtu alikuwa ametoa picha kwa masharti: isilale Tarime, na isiguswe na mtu asiyenawa mikono. Nikanawa. Fremu ilikuwa ndogo, ya mbao, kioo chake kimeingia ukungu, na ndani yake yule bwana alikuwa kama walivyosema, koti, tai, maua, uso mtulivu kama wa mtu anayesubiri kuitwa. Kwa ukubwa ule na kupitia kioo kile, masikio yalikuwa vivuli viwili tu.

Nikaomba ruhusa ya kufungua nyuma. Misumari ilikuwa na kutu, nikaing'oa mmoja mmoja. Nilipoitoa picha, nikahisi kwa vidole kwamba ni nene kupita kawaida. Haikuwa nene. Ilikuwa imekunjwa. Fremu ilikuwa fupi kuliko picha, na yule mama, miaka yote hiyo iliyopita, alikuwa ameikunja sehemu ya chini kwenda nyuma ili ienee.

Mkunjo wa umri ule haufunguliwi kwa pupa. Nikaupumulia, nikasubiri, nikaupumulia tena. Wao wawili walikuwa wameniinamia mpaka nikawafokea wanipe hewa. Karatasi ikalegea, na sehemu ya chini ikateremka mezani.

Studio ilikuwa na koti. Haikuwa na suruali. Chini ya lile koti la heshima yule mtu alikuwa amevaa kaptura ya khaki ya jeshi, magoti wazi, na kuanzia chini ya goti miguu imezungushiwa vitambaa mpaka kwenye buti kubwa za askari, zimepigwa rangi zinang'aa.

"Heh!" akasema mwana.

Mzee akaweka kidole juu ya meza, karibu na buti, bila kuzigusa.

Nikaipeleka kwenye mwanga. Sehemu zake nyeusi zilitoa mng'ao wa fedha, ule unaotokea kwenye picha za zamani zilizooshwa kwa dawa, na hakuna simu inayojua kuutengeneza. Nyuma kulikuwa na namba ya penseli na muhuri uliofifia, likasomeka neno moja tu, Nakuru. Nikaitia kwenye skana, nikaifungua kwenye kompyuta, na nikaenda kule ninakoendaga. Nikalikuza sikio la kushoto mpaka likajaa kioo. Ndewe ilikuwa imepandishwa juu na kuzungushwa, imetulia.

Niliwaambia ninachoweza kuapa na nisichoweza. Kwamba huyu ni askari, wa wakati ule, na wa kwetu, hilo naapa. Kwamba ni baba yake, picha haisemi jina. Lakini nilipokuwa nasema hivyo nilikuwa nimeurudisha uso mzima kwenye kioo, na mwana alikuwa amesimama kando yake akiwa amekunja paji la uso kwa kuwaza, na nikanyamaza katikati ya sentensi. Lilikuwa paji lile lile, lenye nyusi zile zile zinazokaribia kukutana. Mzee alitazama kioo, akamtazama mwanawe, akatazama kioo tena.

"Mama alisema kweli," akasema.

Alikaa kwenye kiti cha wateja, kofia magotini, akamtazama yule mtu kwa muda mrefu. Nilikuwa na furaha kubwa, na nilinyamaza, jambo ambalo wanaonijua hawataliamini.

"Lakini huyu ni mura," akasema hatimaye, yaani kijana mbichi, wa rika la kutafuta mke. "Tazama shingo yake. Nina wajukuu wakubwa kuliko huyu. Nilikuwa namngoja mzee, kumbe baba yangu ni mtoto."

"Sasa itakuwaje, mzee?" mwanawe akamuuliza, nusu kwa utani. "Hapa mkubwa ni nani?"

Mzee alifikiri kama mtu aliyeulizwa swali la maana. Akainuka, akajiweka sawa koti, akashika kofia kwa mikono miwili.

"Baba zangu wadogo wote niliwaita tata, baba, nikawaamkia kila asubuhi, mpaka wakaisha," akasema. "Huyu ndiye aliyebaki."

Akakisogelea kioo cha kompyuta, akainama kidogo.

"Shikamoo, tata."